Jordbro: ukatili dhidi ya wanawake na juhudi za kuukomesha

Jordbro ni kitongoji cha manispaa ya Haninge, kusini mwa jiji la Stockholm, Sweden, chenye wakazi wapatao elfu kumi. Magorofa yake mengi yalijengwa miaka ya 1960, zama za mpango wa Sweden wa kujenga nyumba milioni moja kwa miaka kumi. Treni za kwenda Nynäshamn husimama hapo. Kando ya makazi kuna eneo kubwa la viwanda na maghala, kikiwemo kiwanda cha Coca-Cola, na hapo jirani upo uwanja wa makaburi zaidi ya 600 ya Enzi ya Chuma, ambao wageni wengi huupita bila kujua wanapita wapi. Familia nyingi za kitongoji hiki zina asili ya nje ya Sweden.

Hakuna mkataba uliotiwa saini Jordbro, wala azimio lenye jina lake. Kitongoji hiki kimeingizwa humu kwa sababu kila kilichoamuliwa Beijing, Istanbul au New York kuhusu usalama wa wanawake sharti hatimaye kipande ngazi za gorofa fulani, kifike mlangoni mwa mtu. Hapo hukutana na mambo ambayo mikataba huyagusa kwa mbali: jirani aliyesikia kishindo ukutani, mkalimani wa simu, kibali cha ukaazi, mama mkwe anayepiga simu kutoka nyumbani. Dola ya Sweden ina nguvu nyingi juu ya karatasi. Jirani wa Sweden ana nguvu kidogo sana. Afrika Mashariki mara nyingi hali ni kinyume chake, na wahamiaji wa huko wanaoishi vitongoji kama Jordbro wanazijua hali zote mbili.

Ukubwa wa tatizo

Anayedhani nchi tajiri zilishamaliza jambo hili na atazame utafiti wa Umoja wa Ulaya uliotolewa mwaka 2014, uliohoji wanawake wapatao 42,000 katika nchi 28. Kwa wastani, asilimia 33 walisema wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono tangu walipofikisha miaka 15. Sweden ilikuwa asilimia 46, Finland 47, Denmark 52. Nchi zinazosifiwa duniani kwa usawa wa kijinsia zikawa juu kabisa ya orodha, na wataalamu wakapata kitendawili ambacho bado wanakijadili. Wapo wanaosema wanawake wa huko hawaoni haya kusema, na wanaita ukatili kile ambacho wengine wangekiita hasira za mume. Wapo wanaosema maelezo hayo hayatoshi. Takwimu za vifo hazina nafasi ya ubishi wa namna hiyo: kila mwaka wanawake wapatao 15 huuawa Sweden na waume, wapenzi au waume wa zamani. Majira ya kuchipua ya 2021 wanawake kadhaa waliuawa ndani ya wiki chache tu, na serikali ikalazimika kutoa mpango wa hatua 40 kwa haraka.

Sheria

Hadi katikati ya karne ya 19 mume wa Kiswidi alikuwa na haki ya kisheria ya kumwadhibu mkewe kwa kipigo. Sheria ya jinai ya 1864 iliifuta. Ubakaji ndani ya ndoa ulitambuliwa kuwa jinai mwaka 1965. Mwaka 1982 Sweden ikawa nchi ya kwanza ya Magharibi kupiga marufuku ukeketaji kwa sheria maalumu, na mwaka 1999 ikaongeza kwamba anayempeleka binti nje ya nchi kukeketwa atashtakiwa Sweden hata kama kule alikopelekwa tendo hilo si kosa.

Hatua kubwa zaidi ilikuja 1998, kwa kosa jipya linaloitwa kwa Kiswidi *grov kvinnofridskränkning*. Awali mahakama ilihukumu kofi moja, tusi moja, simu moja iliyovunjwa, kila tendo peke yake, na kila moja likionekana dogo. Sheria hiyo inayafunga matendo yote ya mwanamume kwa mke au mwenzi wake yawe mzigo mmoja, na adhabu yake sasa ni kifungo cha mwaka mmoja hadi sita. Mwaka uliofuata kununua ngono kukawa kosa la mnunuzi, siyo la muuzaji. Kuanzia Julai 2018, ngono isiyo na ridhaa ya hiari ni ubakaji hata pasipo nguvu wala vitisho. Mwaka 2021 ilikubalika kwamba mtoto aliyeshuhudia mzazi akipigwa na mzazi mwenzake naye ametendewa kosa, na mwaka 2022 ukandamizaji kwa jina la heshima ya ukoo ukapewa kosa lake.

Kosa hilo la mwisho lina historia yenye damu. Fadime Şahindal, msichana wa Kikurdi aliyekulia Sweden, alisimama katika bunge mjini Stockholm mwezi Novemba 2001 kueleza alivyotishwa na ndugu zake kwa kuchagua mpenzi wake mwenyewe. Miezi miwili baadaye, Januari 2002, baba yake alimpiga risasi na kumuua mjini Uppsala. Kifo chake kiliifanya Sweden ianze kuongea waziwazi juu ya jambo ambalo wanasiasa walilikwepa kwa kuogopa kuitwa wabaguzi. Mjadala huo umebaki mgumu vitongojini, kwa kuwa kuna wanaoutumia kulinda wasichana, na kuna wanaoutumia kuwasema wageni wote kwa jumla.

Mikataba ya kimataifa inazizunguka sheria hizo kwa nje. Sweden ilikuwa ya kwanza kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mwaka 1980. Azimio la Umoja wa Mataifa la kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake lilipita Desemba 1993, na miaka miwili baadaye mkutano wa Beijing, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, ukauweka ukatili kati ya mambo yake 12 makuu. Mkataba wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Istanbul Mei 2011 uliridhiwa na Sweden mwaka 2014. Afrika ilikwishakuwa na wake: Itifaki ya Maputo ya 2003, iliyoanza kufanya kazi tarehe 25 Novemba 2005. Siku hiyo huadhimishwa kuwakumbuka dada watatu wa ukoo wa Mirabal waliouawa mwaka 1960 chini ya utawala wa Trujillo katika Jamhuri ya Dominika, na ndiyo mwanzo wa siku 16 za kupinga ukatili ambazo Dar es Salaam, Mombasa na Stockholm huzijua kwa pamoja.

Kesi isiyofutwa

Tofauti ambayo mhamiaji huigundua mapema ni hii: polisi wakishapigiwa simu namba 112 na kufika mlangoni, jambo limetoka mikononi mwa watu wa nyumba hiyo. Tangu 1982 kumpiga mke ni kosa linaloshtakiwa na dola, mke atake asitake. Hakuna kwenda kituoni kesho yake kusema tumeshayamaliza nyumbani. Hakuna barua ya wazee wala mbuzi wa kuomba radhi anayeweza kuifuta kesi. Mwendesha mashtaka akiona ushahidi unatosha anafungua kesi, na kwa wakazi wa Haninge husikilizwa katika mahakama ya wilaya ya Södertörn, Huddinge. Mwanamke anaweza kupewa wakili wake mwenyewe anayelipwa na serikali, mbali na mwendesha mashtaka, wa kukaa naye na kudai fidia kwa niaba yake.

Kwa wengi hilo ni ukombozi, kwa kuwa mume hawezi tena kumshurutisha mke afute kesi. Wengine huogopa kupiga simu kwa sababu hiyo hiyo. Mwanamke aliyetaka tu mume aondolewe kwa usiku mmoja akatulie, anajikuta ameanzisha jambo ambalo litaingia katika rekodi ya mume, kazi yake na huenda kibali chake. Watu waliolelewa kwenye desturi ya kuitisha kikao cha familia huona sheria ya Kiswidi ni kali na haina adabu. Ni haki kuongeza kwamba kikao cha familia nacho kimewarudisha wanawake wengi kwenye kipigo, wakiambiwa na shangazi zao kwamba ndoa ni kuvumiliana.

Kosa likishtakiwa au lisishtakiwe, manispaa ina wajibu wake. Sheria ya ustawi wa jamii inaitaka kila manispaa imsaidie mwanamke aliyetendewa ukatili, iwe kwa ushauri, fedha au mahali pa kulala. Kwa mkazi wa Jordbro hiyo ni idara ya ustawi wa jamii ya Haninge. Mwendesha mashtaka pia anaweza kutoa amri ya kumkataza mtu kumkaribia au kumpigia mwingine simu. Sheria ya amri hizo ni ya mwaka 1988, na siku hizi anayeamriwa anaweza kufungwa kifaa cha kielektroniki mguuni.

Kujificha katika nchi isiyoficha anwani

Nchini Sweden anwani ya kila mtu ni habari ya hadharani. Idara ya kodi, Skatteverket, ndiyo inayotunza daftari la wakazi, na mtu yeyote anaweza kuuliza fulani anaishi wapi akajibiwa. Kuna tovuti zinazoonyesha jina, umri, anwani na hata siku ya kuzaliwa. Waswidi wanajivunia uwazi huo na kwa mambo mengi wana haki ya kujivunia. Mwanamke anayemkimbia mume, hata hivyo, hawezi kuhama kutoka Jordbro kwenda Västerhaninge ya jirani au Malmö ya mbali na kutumaini kutopatikana.

Ndiyo maana kuna ulinzi wa ngazi tatu. Ya kwanza ni alama katika daftari inayomtaka mtumishi yeyote afikiri kabla ya kutoa habari. Ya pili, iliyoimarishwa Januari 2019, inamwandikisha mtu mahali tofauti na anapoishi, na barua zake hupitia ofisi ya kodi. Ya tatu, ambayo ni nadra, humpa mtu utambulisho mpya kabisa. Mwenye ulinzi wa ngazi ya pili huishi maisha yenye usumbufu wa kila siku: duka la dawa halimpati kwenye kompyuta, mkataba wa simu unakataliwa, shule ya mtoto inaambiwa isitoe picha ya darasa. Mtoto hufundishwa kutotaja jina la mtaa. Simu hukaguliwa isije ikawa na programu ya kufuatilia, na gari vilevile. Ni kazi ngumu kwa mtu mwenye ndugu wengi. Mwanamke wa Afrika Mashariki anayewapenda nduguze hujua kwamba shangazi mmoja akiambiwa, ukoo mzima umeambiwa, na mume naye ni mmoja wa ukoo.

Kwa wanaotaka kuzungumza kabla ya kuamua, ipo simu ya taifa, 020-50 50 50, inayoendeshwa na kituo cha Chuo Kikuu cha Uppsala tangu 2007. Ni ya bure, inafanya kazi usiku na mchana, haionekani kwenye bili ya simu, na wahudumu wanaweza kuita mkalimani. Shirika la Terrafem, lililoanzishwa Stockholm mwaka 2000, lina simu ya wanawake wenye asili ya nje, inayojibiwa kwa lugha nyingi na wanawake wanaozizungumza tangu utotoni.

Kibali, lugha na ndugu

Aliyekuja Sweden kumfuata mume ana hofu ya pekee. Kibali chake kinategemea ndoa hiyo, na kwa kawaida hupewa kwa miaka miwili kwanza. Ndoa ikivunjika kabla, kibali kinaweza kuvunjika nayo. Sheria ya wageni ina msamaha kwa aliyeacha ndoa kwa sababu ya ukatili, lakini ni lazima authibitishe kwa idara ya uhamiaji, na kipigo kisichokwenda hospitali wala polisi hakiachi karatasi. Mashirika ya wanawake yamelalamika kwa miaka mingi kwamba kanuni hii huwafunga wanawake kwenye nyumba za hatari. Mume anayeijua sheria nusu hutumia hiyo nusu kama fimbo: ukienda polisi utarudishwa kwenu.

Nchi ina njia moja ya mapema ya kuwapa wageni habari sahihi. Wakimbizi wapya hufundishwa elimu ya jamii ya Kiswidi kwa lugha yao au lugha wanayoielewa, na tangu 2020 kozi hiyo haipungui saa 100. Humo hutajwa haki za mwanamke, sheria za ndoa na namba za kupiga. Wengi wa Wakongo waliofika Sweden kwa mpango wa wakimbizi wa Umoja wa Mataifa wamepitia makambi ya Uganda na Rwanda, na kwao Kiswahili ni lugha ya kawaida ya darasa la namna hiyo.

Mkalimani ni tatizo la pekee. Ana kiapo cha siri, na kwa mashauri ya ukatili mara nyingi hutumika kwa simu bila kuona uso wa mtu. Lakini jamii za Waafrika katika jiji la Stockholm ni ndogo. Sauti hutambulika, na lafudhi huonyesha mtu ametoka Uvira au Goma. Wauguzi na maofisa wenye uzoefu huomba mkalimani wa mji mwingine, au mwanamke, na hawamruhusu mume kumtafsiria mkewe hata akijitolea kwa ukarimu gani. Wakunga wa kliniki za wajawazito wanatakiwa kumuuliza kila mama, akiwa peke yake, kama kuna anayemtendea ubaya nyumbani. Swali hilo dogo limefungua milango mingi.

Kwa wasichana waliokeketwa kabla ya kuja Sweden, kuna kliniki maalumu katika hospitali ya Södersjukhuset, Stockholm. Na tangu Julai 2020 mtoto anaweza kuwekewa katazo la kusafiri ikiwa kuna hatari ya kuozwa au kukeketwa akiwa likizoni nje ya nchi. Pasi yake huchukuliwa kabla ya safari, maana mara nyingi safari ikishaanza dola haina mkono tena.

Jirani

Katikati ya miaka ya 2010 Waswidi wawili, Nina Rung na Peter Svensson, walianzisha Huskurage, mpango unaozitaka kampuni za nyumba na vyama vya wapangaji kubandika ngazini maelekezo ya namna ya kufanya ukisikia ukatili: gonga mlango, ukiogopa mwite jirani mwingine mwende pamoja, ikibidi piga 112. Unashangaza, kwani unafundisha kwa maandishi jambo ambalo mtaani Temeke au Kisauni lingefanywa na watu wenyewe kabla ya bango kukauka. Waanzilishi walikuwa wameona sawa: katika gorofa za Sweden watu hukaa ukuta kwa ukuta miaka mingi bila kujuana majina, na kugonga mlango wa mwingine usiku huonekana uvunjaji wa adabu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba jirani wa Afrika Mashariki ni mkombozi siku zote. Naye ana msemo wake, mambo ya Ngoswe mwachie Ngoswe, na mara nyingi hufika mlangoni kutuliza kelele tu. Shirika la Raising Voices la Kampala liliona haitoshi kuleta jirani. Ni lazima jirani huyo afikiri upya. Mbinu yake, SASA!, iliyotolewa 2008, haikutegemea wataalamu. Iliwachagua wakazi wa kawaida, akina mama wa soko, waendesha bodaboda, polisi wa kituo cha karibu, *ssenga* wa Kiganda wanaowafunda wasichana kabla ya ndoa, ikawapa mazoezi ya kuzungumza na wenzao juu ya mamlaka ndani ya nyumba: nani anayo, anaitumiaje, na ingekuwaje wakiigawana. Mazungumzo yalifanyika barazani, kijiweni na kanisani kwa miaka. Utafiti uliofanywa katika mitaa minane ya Kampala, ukachapishwa 2014, ulionyesha kwamba ukatili wa kimwili wa waume na wapenzi kwa mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika mitaa iliyopata mbinu hiyo kuliko ile isiyoipata. Ni miongoni mwa matokeo mazuri zaidi yaliyopimwa popote duniani, na yalitoka Makindye na Rubaga, wala si Ulaya. Tangu hapo SASA! imetumika katika nchi zaidi ya 20.

Mwanza, shirika la Kivulini lilikuwa likifanya kazi ya mtaa kwa mtaa hata kabla ya hapo. Tanzania imeweka madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na Zanzibar ina vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na mshauri hukaa chini ya paa moja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, katika kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumpiga mwenziwe. Imekuwapo zaidi ya nusu karne na bado wapo wanaoshangaa kuisikia. Kenya ilipitisha sheria ya makosa ya kingono 2006 na ya kuzuia ukatili wa nyumbani 2015, lakini vifo vya wanariadha Agnes Tirop huko Iten mwaka 2021 na Rebecca Cheptegei mwaka 2024, pamoja na maandamano ya Januari 2024 yaliyojaza mitaa ya Nairobi, vilionyesha umbali uliopo kati ya sheria na nyumba.

Bukavu na Stockholm

Uhusiano wa Sweden na mashariki ya Kongo ni wa zamani kuliko misaada ya leo. Wamisionari wa Kipentekoste wa Kiswidi walijenga hospitali ya Lemera, na huko ndiko Dk. Denis Mukwege alikokuwa daktari mkuu iliposhambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, kwa msaada wa Wapentekoste hao hao wa Kiswidi, kwa nia ya kuzalisha akina mama salama. Wagonjwa wa kwanza waliofika walikuwa wamebakwa na watu wenye silaha, na kazi ya hospitali ikabadilika. Alipewa Tuzo ya Olof Palme ya 2008 na tuzo nyingine Stockholm 2013, kabla ya Nobel ya Amani ya 2018 aliyogawana na Nadia Murad. Oktoba 2012 watu walijaribu kumuua nyumbani kwake, akakimbilia Ulaya. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi walichanga kwa kuuza mazao yao ya shamba ili wamlipie tiketi ya kurudi, na Januari 2013 alirudi.

Margot Wallström, Mswidi aliyekuwa mjumbe wa kwanza wa Umoja wa Mataifa juu ya ukatili wa kingono vitani, aliifahamu Kongo vizuri kabla ya kuwa waziri wa mambo ya nje na kutangaza mwaka 2014 sera ya nje inayotanguliza haki za wanawake. Serikali iliyoingia Oktoba 2022 iliifuta sera hiyo ndani ya siku zake za kwanza.

Nyumba salama baada ya 2024

Nyumba za kwanza za kuwapokea wanawake Sweden zilianzishwa 1978, Alla Kvinnors Hus ya Stockholm ikiwa mojawapo, na wanawake waliojitolea wakikesha kwa zamu. Vyama vya namna hiyo vilienea hadi miji midogo, vikaungana katika Roks mwaka 1984 na katika shirikisho la pili, ambalo leo huitwa Unizon, mwaka 1996. Kenya ina mfano wake wa kujitegemea katika kijiji cha Umoja, Samburu, kilichoanzishwa 1990 na Rebecca Lolosoli pamoja na wanawake waliokimbia kipigo na ubakaji.

Tarehe 1 Aprili 2024 sheria mpya ya Sweden ilianza kudai kibali kwa nyumba salama zisizoendeshwa na manispaa yenyewe, wafanyakazi wenye sifa zilizotajwa, na mipango rasmi kwa watoto. Ndani yake kuna jambo zuri ambalo lilikuwa limechelewa: mtoto anayelala na mama yake katika nyumba hiyo sasa ni mpokeaji wa huduma kwa haki yake mwenyewe, ana masomo na matibabu yake, wala si mzigo wa mama. Vyama vidogo vya kujitolea, hata hivyo, vimeshindwa kulipa gharama za kibali na kushindana zabuni na makampuni, na baadhi vimeacha kupokea wageni wa kulala, vikabaki na simu na ushauri wa mchana. Manispaa hununua vitanda kutoka kwa wenye kibali, popote walipo, na mwanamke wa Jordbro anaweza kupelekwa mbali na kazi yake, na shule ya watoto, na yule jirani mmoja aliyewahi kugonga mlango.